Mwanachuo na hesabu ya usingizi wake

Wengi wetu tulio na watoto vyuoni hufurahi tuambiwapo kwamba kijana anakesha akibukua. Mama humwombea dua, baba humsifu barazani, na hakuna anayeuliza amelala saa ngapi. Mwandishi wa makala haya naye aliwahi kuwa mkeshaji wa namna hiyo, miguu ndani ya beseni la maji baridi na birika la kahawa pembeni. Asubuhi, katika chumba cha mtihani, aliyoyasoma usiku kucha yakamkimbia, na muda ulipokwisha ukurasa wa pili ulikuwa ungali mweupe.

Mwaka 2019 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani, akiwamo Profesa Jeffrey Grossman, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanafunzi wapatao 100 wa somo la kemia. Walivishwa mkononi kifaa mfano wa saa, kikarekodi usingizi wao muhula mzima. Waliolala vya kutosha, na kwa utaratibu usiobadilika-badilika, ndio waliopata alama nzuri zaidi. Ajabu ni kwamba usingizi wa usiku wa kuamkia mtihani haukuonekana kuhusiana na alama hata kidogo. Uliohesabika ni ule wa wiki na mwezi uliotangulia, wakati somo lenyewe lilipokuwa likifundishwa. Tena, waliozoea kulala baada ya saa nane usiku walifanya vibaya zaidi, hata kama walitimiza saa saba kama wenzao. Kweli, uchunguzi wa aina hii hauthibitishi kuwa usingizi pekee ndio sababu. Lakini aliyekoroga ratiba yake mwezi mzima asitaraji kuitengeneza kwa usiku mmoja.

Wala tusiwalaumu vijana kwa uvivu tu. Katika umri huo saa ya mwili husogea mbele, na melatonini, homoni inayoleta usingizi, hutoka kwa kuchelewa. Juu yake huongezwa mwanga wa simu, na kahawa ya jioni, ambayo karibu nusu ya kafeini yake huwa ingali mwilini baada ya saa tano hivi.

Kwa familia ya Kiislamu hesabu hii si ngeni. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Katika mwambao wetu Alfajiri huadhiniwa karibu na saa kumi na moja. Aliyelala saa nne huwa amekwisha kupata saa saba, kiwango ambacho madaktari wa usingizi wanataka mtu mzima asipungukiwe nacho. Aliyelala saa nane amepata tatu, na mara nyingi hiyo Alfajiri yenyewe humpita. Ipo pia qailula, usingizi mfupi wa mchana, ambao Masahaba siku ya Ijumaa waliuchelewesha hadi baada ya Swala. Dakika ishirini zatosha. Saa mbili za alasiri huuharibu usiku.

Gumu zaidi ni bweni lenyewe: watu wanne au sita chumba kimoja, taa moja, na kila mmoja na simu yake. Humo nia ya mtu mmoja haifui dafu. Saa ya kuzima taa haina budi kupatanwa na wenzi wote wa chumba, tena juma la kwanza la muhula, kabla mitihani haijakaribia.