Wamngojao Korongo

Ifikapo tarehe 1 Machi katika nchi ya Bulgaria, wakati ambapo theluji aghalabu ingali imelala mashambani na miti ingali mitupu, watu wa kila tabaka, kuanzia mtoto wa skuli hata hakimu wa mahakama, na kuanzia mchungaji wa kondoo milimani hata karani wa benki mjini Sofia, hufungana mikononi, au hubandikana vifuani, uzi wa rangi mbili, nyekundu na nyeupe, uliosokotwa pamoja. Na kila amfungaye mwenziwe humtakia afya na umri mrefu. Uzi huo huitwa martenitsa, na sharti lake ni moja tu: aliyeuvaa hauvui mpaka amwone kwa macho yake korongo wa kwanza aliyerudi kutoka safarini, au mbayuwayu wa kwanza, au mti wa matunda uliokwisha kufungua maua. Siku ya kuuvaa imeandikwa katika kalenda. Siku ya kuuvua haikuandikwa popote.

Katika tofauti hiyo ndimo ulimo, kwa maoni yangu, uzito wote wa desturi hii. Sikukuu nyingi za ulimwengu hufungwa na hesabu, nazo hesabu zinaweza kuyaacha mkono maumbile. Sisi wa pwani tunao ushahidi wetu wenyewe: mwaka wa Nairuzi, ambao watu wa Makunduchi huukoga hadi leo, asili yake ni sikukuu ya Waajemi ya kuupokea msimu wa machipuko mwezi wa Machi, lakini kwa kuwa hesabu yake ilikuwa ya siku 365 bila ya kuongezwa siku ya mwaka mrefu, sikukuu hiyo ikawa inarudi nyuma takriban siku moja kila miaka minne, karne baada ya karne, hata leo inaangukia mwezi wa Julai. Mbulgaria aliiachia kalenda mwanzo wa sikukuu yake, lakini mwisho wake akaukabidhi kwa ndege na kwa mti, na kwa hivyo kila aliyevaa uzi ule analazimika, apende asipende, kuinua uso na kutazama.

Kwa nini iwe Machi? Atakayeuliza hivyo na azingatie hali ya hewa ya nchi za Balkani, ambako mwezi huo hauaminiki hata kidogo: asubuhi jua huchomoza likawadanganya watu wavue makoti, adhuhuri hutokea upepo wa kukata mifupa, na kabla ya magharibi theluji ikawa inaanguka. Watu wa kale waliupa mwezi huu sura ya ajuza, wakamwita Baba Marta, yaani Bibi Machi kwa lugha yao, dada wa Januari na Februari, ambao ni wanaume wawili wakali, na ambao, kwa mujibu wa hekaya moja, walimnywea divai yake yote akaghadhibika. Akicheka, jua hung'aa; akinuna, baridi hurejea. Ili kumridhisha, mama mwenye nyumba alikuwa akitundika nje alfajiri ya tarehe mosi kitambaa au blanketi jekundu, maana rangi hiyo humfurahisha, na wanawake wazee wakiombwa wakae ndani, kwa kuwa yeye hapendi kukutana na vikongwe wenzake.

Jirani zao wa Rumania nao wana ajuza wao, Dochia, ambaye alipanda mlimani amevaa makoti tisa, akawa anavua moja moja kwa kuhadaiwa na joto, mpaka baridi ikamrudia ghafula ikamgandisha pamoja na mifugo yake. Kwa kumkumbuka, kila mtu huko hujichagulia siku moja kati ya tarehe 1 na 9 Machi, na hali ya hewa ya siku hiyo huichukua kuwa fali ya mwaka wake: jua likiwaka, mwaka ni wa heri, ikinyesha theluji, ajiandae kwa subira. Uzi wao wanauita mărțișor, nao huning'iniza kidude kidogo, zamani kikiwa aghalabu sarafu, na siku hizi ua, jani la bahati au moyo mdogo, kisha wanaume humpa kila mwanamke wanayemheshimu.

Lakini na tuurudie uzi wenyewe, maana kazi ya mkono ndiyo roho ya jambo hili, na ni kazi ambayo mtoto wa miaka mitano anaweza kuifanya akashinda kiwanda. Huchukuliwa nyuzi mbili za sufu, moja nyekundu na moja nyeupe, zenye urefu sawa, uliozidi kidogo maradufu ya ule utakaohitajiwa, nazo hufungwa fundo pamoja katika kila ncha. Bibi hushika ncha moja na mjukuu hushika ya pili, wakasimama wakikabiliana, kisha kila mmoja husokota kuelekea mkono wake wa kulia, pole pole, bila ya kulegeza, mpaka uzi ukakaza na kuanza kujikunja wenyewe kama uliojawa na hasira. Hapo bibi hubana katikati kwa vidole viwili, mjukuu huleta ncha yake ikakutana na ile ya pili, na bibi anapoachia, uzi hujizungusha mara moja juu ya nafsi yake, nyekundu ikipanda juu ya nyeupe na nyeupe juu ya nyekundu, hata usijue ipi imeikumbatia mwenziwe. Ile nguvu ya msokoto, ambayo katika uzi mmoja ingetumika kujifumua, katika uzi uliokunjwa hugeuka ikawa ndiyo ifungayo. Akina mama wa Jambiani, wanaosokota kamba kwa usumba wa makumbi yaliyozikwa ufukweni kwa miezi mingi hata yakalainika, hawana haja ya kufunzwa siri hiyo, kwa maana viganja vyao vinaijua.

Baada ya hapo ncha hufungwa fundo, na nyuzi zilizobaki huchambuliwa zikawa vishada viwili. Akitaka kuendelea, fundi atatengeneza wale wanasesere wawili ambao kila Mbulgaria huwajua kwa majina, Pizho aliye mweupe na Penda aliye mwekundu: sufu huzungushwa mara nyingi juu ya kipande cha karatasi ngumu, hufungwa upande wa juu, hukatwa upande wa chini, kisha hufungwa tena chini kidogo ya kilele ili kipatikane kichwa, kishungi chembamba hupitishwa kwa ukingamano kikawa mikono, na kiuno hukazwa kwa uzi. Penda huachiwa sufu ya chini itawanyike ikawa sketi, na Pizho hugawanywa akapata miguu. Hakuna macho wala mdomo unaohitajiwa.

Zamani, kwa desturi ya vijijini, nyuzi hizo zilisokotwa na mwanamke mkubwa wa nyumba, naye alizigawa kwanza kwa watoto, kisha kwa wasichana na wanandoa wapya, halafu kwa wanakondoo na ndama waliozaliwa karibuni, na hata kwa miti ya matunda na vitasa vya milango. Yaani kila kilicho kichanga, au kinachotarajiwa kuzaa, kilikuwa na haki ya kufungwa. Nyekundu ilikuwa rangi ya damu na uhai, nyeupe ya usafi na umri mrefu. Iko hekaya inayomtaja Khan Asparuh, aliyeasisi dola ya Wabulgaria katika mwaka 681, kwamba alitumiwa habari kwa uzi mweupe uliofungwa mguuni mwa ndege, na ndege alipojeruhiwa njiani, damu yake ikautia uzi wekundu. Ni hekaya tamu, ifaayo kusimuliwa watoto, lakini wataalamu wa mila huiona kuwa ya baadaye, nao huiweka desturi yenyewe katika jamii ya hirizi za wafugaji na wakulima wa Balkani, walioogopa mwezi huu wenye njaa, wakati ghala imekaribia kuwa tupu na wanakondoo wanazaliwa katika baridi.

Naiita hirizi kwa kukosa jina lililo bora, walakini haina mganga, haina azima, wala haigharimu kitu. Kanisa la Kiorthodoksi haliiongozi ada hii, serikali haiitangazii amri, na hakuna dua maalumu iliyoandikwa. Kila mtu anayo nia yake moyoni wakati anaposokota au anapofungwa, na nia hiyo huichukua mkononi kwa wiki kadhaa, akaiona anaponawa, anapoandika, anapokata mkate. Ibada za namna hii, zisizosimamiwa na mtu na zisizomtenga mtu, ni chache, nami nazihesabu kuwa miongoni mwa hazina za binadamu. Umoja wa Mataifa kwa mkono wa UNESCO uliona vivyo hivyo mwezi wa Desemba mwaka 2017, ulipoziingiza desturi za tarehe 1 Machi katika orodha ya urithi usioshikika, kwa ombi la pamoja la Bulgaria, Rumania, Moldova, na nchi ambayo leo huitwa Makedonia Kaskazini.

Siku ya kuuvua uzi, basi, huja kwa kila mtu kwa wakati wake. Aliye mjini aghalabu hutanguliwa na mti, kwani mlozi na mplamu haimngojei korongo. Naye huufunga uzi wake kwenye tawi, akiuachia mti ile heri aliyotakiwa, hata barabara za miji mwezi wa Aprili huwa na miti iliyovaa nyekundu na nyeupe kuliko ilivyovaa maua. Wengine huufukia chini ya jiwe, na baada ya siku kadhaa hulifunua ili watazame ni mdudu gani aliyekaa hapo: sisimizi husomwa kuwa neema ya mifugo, na buibui kuwa taabu. Huyo aliye kijijini humtazamia korongo mwenyewe, ambaye hurudi kwenye kiota kile kile cha mwaka uliopita juu ya bomba la moshi au nguzo ya umeme, kiota ambacho kwa kuongezwa vijiti mwaka hata mwaka huweza kufikia uzito wa mamia ya kilo. Kwa kuwa ndege huyu hana sauti ya kuimba, huwajulisha watu kurudi kwake kwa kugongagonga mdomo wake mrefu.

Lakini anarudi kutoka wapi? Swali hili liliwashinda wenye elimu wa Ulaya kwa karne nyingi, na wapo waliosema kwamba ndege hao hulala chini ya maji wakati wa baridi. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz kaskazini mwa Ujerumani, alipigwa risasi korongo aliyekuwa amechomwa mshale mrefu uliopenya shingoni, na ulipochunguzwa, ukaonekana kuwa ni kazi ya mikono ya watu wa Afrika ya Kati. Ndege huyo angali amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Leo njia yake inajulikana vyema: kwa kuwa mwili wake mzito hutegemea hewa moto inayopanda kutoka ardhini, naye haipati juu ya bahari pana, korongo wa mashariki ya Ulaya huikwepa Bahari ya Kati, akapita juu ya Istanbul, Anatolia, Shamu na Palestina, akavuka Sinai, akafuata Mto Nile hata Sudan, na kutoka hapo wengi hushuka kwetu, katika nyanda za Kenya na Tanganyika, na wengine wakaendelea hata kusini mwa bara.

Msomaji wa Narok au wa Arusha bila shaka amepata kuwaona, weupe wenye mbawa nyeusi mwishoni, na miguu na mdomo mwekundu, wakitembea kwa madaha mamia kwa mamia katika majani mafupi, wakiokota nzige na viwavijeshi, au wakiufuata moshi wa nyika inayoungua ili wanase wadudu wanaoukimbia moto. Kaskazi inapokaribia kufa na watu wanaanza kuyatazama mawingu ya masika, wao hupanda angani kwa duara kubwa, wakageuza vichwa upande wa kaskazini. Siku hizo hizo, huko waendako, watu wameshafungwa nyuzi mikononi na wanawangoja. Sisi na wao tunaagana na kupokeana ndege mmoja, wala hatujuani.

Atakaye kuijaribu kazi hii kwa mikono yake na achague sufu au pamba, aachane na nyuzi za nailoni ambazo masoko yamejaa. Sufu huoza juu ya tawi, ilhali nailoni hubaki miaka, na ikifungwa kwa kukazwa hulikaba tawi linaponenepa. Wanaompenda korongo katika Bulgaria wamekwenda mbali zaidi ya uzi: juu ya nguzo nyingi za umeme yamewekwa majukwaa ya chuma ili viota vikae mbali na nyaya, na kijiji cha Belozem, karibu na Plovdiv, kimepata sifa Ulaya nzima kwa kuwalea ndege hao juu ya mapaa yake. Huku kwetu kazi inayolingana na hiyo iko mikononi mwa mabwana shamba, ambao huamua ni sumu gani inyunyiziwe viwavijeshi na kwa wakati gani, kwani korongo hawezi kumtambua mdudu aliyekwisha kuila.