Samaki Wala Mwani na Kinundu Kisichopona

Mwalimu mmoja wa sekondari alifika kliniki yetu ya ngozi akiwa na kinundu chekundu kwenye kidole cha shahada. Alikuwa nacho kwa miezi minne. Alikwisha kutumia dawa za jipu, kisha za fangasi, bila nafuu. Na vinundu vingine viwili vilikuwa vimejipanga kuelekea kiwiko. Siku ile nilimwuliza kuhusu shamba, miiba na mifugo, lakini sikumwuliza kuhusu samaki. Ni katika ziara ya pili ndipo aliposema kwamba kila Jumamosi husugua mwani katika tangi la kioo sebuleni kwake, kwa mkono mtupu. Kipande cha ngozi kilichopelekwa maabara kilitupa jibu: Mycobacterium marinum.

Bakteria huyu ni jamaa wa karibu wa yule wa kifua kikuu. Joseph Aronson alimweleza mwaka 1926 baada ya kumpata katika samaki waliokufa huko Philadelphia, Marekani. Hustawi katika joto la nyuzi 30 hadi 33 za Selsiasi. Ndiyo maana hushambulia vidole na mikono, ambayo haina joto kama kifua au tumbo. Hupenya kwenye mchubuko mdogo, na dalili huanza aghalabu baada ya wiki mbili hadi nne, pengine miezi kadhaa. Hauenei kutoka mtu kwa mtu.

“Daktari, nilitupe tangi?” aliniuliza. Mwanawe wa miaka minane ndiye aliyewapa samaki wale majina. Nilimjibu kwamba hapana haja, ila mikono yake ipumzike, na sehemu ya kazi ile wapewe samaki wala mwani.

Kuchagua samaki

Tuanze na chanzo. Mwani hustawishwa na mwanga mwingi na mabaki ya chakula. Tangi lisikae kwenye jua la dirishani, taa isizidi saa nane kwa siku, na robo ya maji ibadilishwe kila wiki. Pasipo hayo, hakuna samaki atakayeshinda mwani.

Kwa tangi la lita 100 hivi, Ancistrus anafaa: ni kambare mdogo wa Amerika ya Kusini mwenye mdomo wa kufyonza, naye hufikia sentimita 12 hadi 15. Otocinclus ni mdogo zaidi, hupenda kuishi kikundi, na huhitaji tangi lililokwisha kukomaa. Jihadhari na Pterygoplichthys: huuzwa akiwa mchanga, kisha hupita sentimita 40. Mbuna wa Ziwa Nyasa nao hula mwani wa miambani, lakini ni wagomvi. Wasichanganywe na samaki wapole.

Kumwingiza tangini

Tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita ili bakteria wenye manufaa, wanaogeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati, wajijenge. Usimwingize samaki kabla kipimo cha amonia na nitriti hakijasoma sifuri.

Samaki mgeni anaweza kuwa ndiye mleta maradhi. Mwache aliyekonda, mwenye vidonda au mgongo uliopinda, na hata anayeonekana mzima mtenge katika chombo chake kwa mwezi mmoja. Siku ya kumhamisha, eleza mfuko wake juu ya maji kwa dakika 15 hadi 20, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo, kisha mwopoe kwa wavu. Maji ya mfuko yamwagwe nje. Mwani ukipungua, mpe vipande vya tango au mchicha uliochemshwa kidogo, maana wengi hufa kwa njaa katika tangi safi. Ukimchoka, usimtupe mtoni; tafuta mfugaji mwingine.

Samaki hawaondoi usafi wote. Kwa hiyo:

- vaa glavu ndefu zisizopenya maji, na usitie mkono wenye jeraha;
- usivute maji ya mpira kwa mdomo;
- usioshee vifaa katika sinki la jikoni;
- nawa kwa sabuni kila umalizapo.

Kwa wahudumu wa afya

Kinundu cha mkono kisichopona kwa wiki tatu kinastahili swali moja: “Je, unafuga, unauza au unaparua samaki?” Mkichukua sampuli, iambieni maabara ioteshe pia katika nyuzi 30 hadi 32, kwani katika nyuzi 37 bakteria huyu huweza kukosekana. Isoniazidi na pirazinamidi hazimsaidii mgonjwa. Hutumika dawa kama klarithromaisini pamoja na ethambutoli au rifampisini, kwa miezi, na huendelea mwezi hadi miwili baada ya ngozi kupona. Kwa anayeishi na VVU, kumbukeni kuwa rifampisini huingiliana na baadhi ya dawa za kufubaza virusi, na kwamba maambukizi huweza kufika kwenye viungo na mifupa.

Mwalimu wetu alipona baada ya miezi mitano, akabaki na kovu dogo. Tangi lingali sebuleni, na glavu zimetundikwa kando yake. Nami tangu siku ile, swali la samaki huliuliza katika ziara ya kwanza.