Kuziba Maungio ya Bodi ya Gari la Zamani



Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaofanya kazi Pemba tumeijua maana ya methali hii kupitia gari. Land Rover yetu ya zamani ilitengenezwa bodi katika gereji moja, ikarudi inang'aa. Masika yalipokwisha tuliinua mpira wa miguuni pa dereva, na kidole kikapenya bati. Fundi alikuwa amepaka gundi ya kuziba maungio juu ya kutu, kisha akafunika kwa rangi. Tunaeleza hapa kazi hiyo inavyotakiwa kufanywa, ili wenzetu wasirudie kosa letu.

Kwa nini maungio yazibwe?

Mabati ya bodi hulaliana ukingoni na kuchomelewa kwa nukta. Nukta hizo hushika bati, lakini hazizuii maji. Maji huvutwa katikati ya mabati mawili kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta, na yakishaingia hayakauki upesi. Hapa kisiwani maji hayo huwa na chumvi, kwa kuwa upepo wa bahari hufika kila mahali. Chumvi huharakisha kutu.

Land Rover za zamani zina tatizo la ziada. Tangu zilipoanza kutengenezwa mwaka 1948, sehemu kubwa ya bodi yake ni alumini, lakini fremu na ukuta ulio kati ya injini na dereva ni chuma. Alumini na chuma vikigusana penye maji ya chumvi, alumini huliwa na kutoa unga mweupe. Hivyo rangi ya msingi na gundi huzuia maji, na pia hutenganisha metali hizo mbili.

Zaidi ya hayo, tundu la sakafuni huingiza moshi wa injini. Ndani ya moshi huo mna hewa ya sumu isiyo na harufu, kaboni monoksaidi. Kwa gari linalobeba wagonjwa au watoto, hili si jambo la urembo.

Hatua za kufuata

1. Safisha. Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, kisha ondoa gundi ya zamani na kutu kwa brashi ya waya na msasa hadi bati ling'ae. Bati lililotoboka likatwe na kuchomelewa jipya. Gundi si kiraka.

2. Ondoa mafuta. Futa kwa kitambaa safi chenye tina. Baada ya hapo usiguse kwa mkono mtupu.

3. Paka rangi ya msingi. Ile ya epoksi inafaa sana. Iache ikauke kama kopo linavyoelekeza. Gundi nyingi hazitakiwi kupakwa juu ya bati tupu.

4. Ziba. Tumia gundi ya magari ya poliyurethani, ambayo hubaki laini kiasi gari linapotikisika. Kamua mstari mmoja usiokatika, kisha ukandamize kwa brashi ndogo au kidole chenye glavu ili uingie ndani ya ungio. Usitumie silikoni ya madirishani. Rangi haishiki juu yake, na aina yenye harufu ya siki huweza kulisha chuma kutu.

5. Subiri, kisha paka rangi. Gundi hii hukaushwa na unyevu wa hewa, kwa hiyo juu hukauka mapema wakati ndani bado ni mbichi. Mwisho, mwaga maji kwa mpira huku mtu akiwa ndani ya gari anatazama.

Tahadhari

Usizibe matundu madogo yaliyo chini ya milango. Yamewekwa ili maji yatoke. Ukiyaziba, mlango huoza kuanzia ndani. Fanya kazi mahali penye hewa ya kutosha na uvae glavu, kwani kemikali za poliyurethani huweza kusababisha pumu.

Hitimisho

Jambo hili si geni kwetu. Mafundi wa mashua hukalafati kwa kugonga pamba yenye mafuta kati ya mbao, na hakuna anayeanza kabla ya kung'oa pamba iliyooza. Wanajua kwamba kosa lililofichwa pwani hujulikana katikati ya bahari. Kwa gari hujulikana baada ya masika, na gharama yake ni kubwa kuliko siku mbili za kusugua.

Kwa hiyo tunashauri jambo moja: unapopeleka gari kwa fundi, omba ulitazame bati kabla halijapakwa chochote. Tungefanya hivyo, tungeona kutu kwa macho yetu.