Fahamu: Je, anwani za barua pepe za watafiti zifichwe?

Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi katika Bonde la Kilombero nchini Tanzania, huchapisha matokeo ya utafiti wa malaria katika majarida yaliyo wazi kwenye intaneti, na kwa desturi ya majarida hayo kila makala hubeba anwani ya barua pepe ya mwandishi anayepokea maswali. Anwani hiyo humfaa tabibu wa Mlimba, bondeni humo, anayetaka ufafanuzi, lakini pia hunaswa na programu za uvunaji, yaani zile zinazopekua kurasa zikitafuta alama ya @, na orodha zake huuziwa watumaji wa barua taka, ujumbe usioombwa, ikiwamo mialiko ya majarida bandia yanayodai ada. Kuandika neno “katika” badala ya alama hiyo ni kinga hafifu, kwani programu nyingi zimekwisha kuizoea hila hiyo. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali na lililo bayana, na uvunaji wa aina hii hauna lengo hilo. Anwani ya ofisi na ibaki wazi. Ya mtu binafsi isitiriwe nyuma ya fomu ya mawasiliano.