Fahamu: Mjane wa askari wa kawaida na pensheni yake Uingereza

Mwaka 2023 serikali ya Uingereza ilianza kuwalipa baadhi ya wajane wa wanajeshi pauni 87,500 kila mmoja, kwa mkupuo. Hao ni walionyang'anywa pensheni kwa sababu moja: waliolewa tena, au waliishi na mwanamume mwingine.

Chanzo cha kanuni hiyo ni cha kale. Mjane wa ofisa alikuwa na pensheni tangu karne ya 18. Mjane wa askari wa kawaida alisubiri hadi 1901, wakati wa Vita vya Makaburu huko Afrika Kusini. Kabla ya hapo alitegemea mifuko ya hisani. Pensheni hiyo ya 1901 ilikuwa shilingi tano kwa wiki, na nyongeza kidogo kwa kila mtoto. Na si kila mke: askari alipaswa kuoa kwa idhini ya kamanda wake. Aliyeolewa bila idhini, kwa jeshi hakuwa mke.

Sharti hilo la idhini liliondolewa Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza. Lakini mjane aliendelea kuchunguzwa: akionekana mlevi au ana mwanamume, pensheni ingeweza kukatwa. Ilikuwa ni kana kwamba fedha zile ni posho ya kukaa kwa adabu, si haki ya mume aliyekufa kazini.

Kuanzia Aprili 2015 mjane anabaki na pensheni hata akiolewa. Waliokwisha kuolewa kabla ya hapo waliachwa nje, isipokuwa ndoa mpya ivunjike. Kejeli kubwa: talaka ndiyo iliyorudisha pensheni.