Esansi Isilale Pamoja Nasi Nyumbani



Hapa Likasi, umeme ukikatika, jenereta hunguruma kila mahali. Makanisa yetu pia yanaitegemea. Bila hiyo, mikro na piano hazisikiki. Ndiyo maana nyumba nyingi zina bidoni ya esansi, iliyonunuliwa kwa Kadhafi kando ya barabara, na jioni huingizwa ndani kwa kuogopa wezi.

Sisi pia tulifanya hivyo. Kwa muda mrefu bidoni ya kanisa ililala katika chumba cha watoto wa shule ya Jumapili. Halafu, katika mkesha mmoja, jenereta ilizimika. Kijana wetu akaongeza esansi palepale, injini ingali moto, mwenzake akimmulikia kwa mshumaa. Moto ukamrukia mikononi. Tunamshukuru Mungu, alipona, lakini makovu anayo. Usiku ule tulikuwa tukiomba ulinzi, na mshumaa tulimpa sisi wenyewe.

Tumejifunza kwamba kinachowaka kwanza ni mvuke wa esansi, wala si yale maji yake tunayoyaona. Mvuke huo hutoka hata katika asubuhi za baridi za mwezi wa Juni. Hauonekani. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini sakafuni, hupita chini ya mlango, na huweza kufika kwenye mbabula au mshumaa ulio mita kadhaa mbali. Moto ukishaugusa, hurudi mbio hadi kwenye bidoni. Mazuti na petroli ya taa haziwaki upesi namna hiyo, lakini zikichanganywa na esansi kidogo tu, taa huweza kulipuka.

Ndugu zetu wa Kivu ya Kusini wanajua uchungu wa jambo hili. Usiku wa tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka huko Sange, kwenye barabara ya Bukavu na Uvira. Watu zaidi ya 200 walikufa. Wengine walikuwa wamekwenda kuchota mafuta, lakini wengine walikuwa wameketi wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, wala hawakugusa hata tone.

Basi, tufanye nini?

1. Esansi ikae nje ya nyumba, kivulini, mbali na jiko na jenereta. Tununue ya kutosha siku chache tu.

2. Tutumie bidoni ngumu yenye kifuniko kinachokaza. Tusiijaze pomoni, kwa maana esansi huvimba kwa joto. Wakati wa kuijaza, iwe imewekwa chini.

3. Tusitie kamwe esansi wala petroli katika chupa ya maji au ya limonadi. Mtoto ataidhania kinywaji. Akiimeza, asitapishwe, kwa sababu inaweza kuingia katika mapafu. Apelekwe hospitali mara moja.

4. Jenereta izimwe na ipoe kwanza, ndipo iongezwe esansi. Gizani tumulike kwa tochi. Tusivute esansi kwa mdomo, wala tusiwashie makala kwayo.

5. Esansi ikiwaka, tusimwage maji. Huelea juu yake na kuueneza moto. Moto mdogo tuufunike kwa mchanga. Ukiwa mkubwa, tutoe watu kwanza na kuacha vitu.

6. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Tusimpake dawa ya meno wala mafuta.

Wengine watasema, “Pasta, Mungu ndiye mlinzi wetu.” Amina. Lakini Mungu huyohuyo, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, anamwagiza ajengaye nyumba aweke ukingo juu ya dari, mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Hakusema aombe tu ili watu wasianguke. Kuweka ukingo ni kumtii Mungu na kumpenda jirani, hasa katika lupango ambamo familia tatu au nne zinaishi pamoja na ukuta ni mmoja.

Sasa kanisa letu lina sanduku la chuma, nje nyuma ya ukuta, lenye kufuli na matundu upande wa chini ili mvuke utoke. Kijana yule aliyeungua ndiye anayetunza ufunguo. Mwizi akiivunja kufuli, tutanunua esansi nyingine. Watoto wa shule ya Jumapili hatuwezi kuwanunua.

Leo jioni, kabla ya sala ya familia, tuitoe bidoni nje. Bwana awalinde.