Kamera Ikae Nyuma ya Bega, Mwanangu

Oya machalii, video za ndinga zinazozunguka kwenye magrupu ya wana kila wikiendi nyingi zimebuma kwa kosa moja tu: kamera imebandikwa pabaya. Unaona boneti, unaona vumbi, unasikia upepo unavyovuma, basi. Dereva kafanyaje kwenye kona? Hujui. Hiyo ni ya kupostia tu, haimfundishi mtu.

Sisi wa Kikatiti hatuna uwanja wa resi wala kocha. Tuna Subaru moja ya kuungaunga, shamba upande wa chini wa barabara kuu ambalo mwenyewe anaturuhusu kupiga tizi baada ya mavuno, na kamera ndogo ya kuazima kwa mshikaji anayepiga picha za harusi. Kamera ndiyo kocha wetu. Sasa kocha si lazima akae mahali anapoona?

Siku ya kwanza tuliibandika kwenye kioo cha mbele, kwa kile kikombe cha mpira kinachonyonya. Saa saba mchana, jua kali, kioo kina vumbi. Mzunguko wa tatu mpira ukaachia. Kamera ikagonga dashibodi, ikabiringika hadi miguuni kwa dereva, ikajikita nyuma ya pedali ya breki. Jamaa anakanyaga, pedali haishuki. Akavuta hendibreki, ndinga ikajizungusha na kusimama kiubavu. Hakuna aliyeongea, tulikaa tu tunatazama vumbi likishuka juu ya boneti. Kuanzia siku ile kitu chochote kinachofungwa ndani ya gari letu kina kamba ya pili, fupi, isiyoweza kufika kwenye pedali. Hapo hatuna utani.

Nikusanue, sehemu tamu ni katikati ya viti viwili, nyuma kidogo ya bega la kushoto la dereva, usawa wa sikio. Bongo usukani uko kulia na gia iko kushoto, kwa hiyo ukikaa hapo unapata mikono yote miwili, gia, mshale wa spidi na barabara yenyewe kwa pamoja. Gari la rali lina roli keji, unabana kamera kwenye bomba unamaliza. Sisi hatuna, tunabana kwenye vile vyuma viwili vya mto wa kichwa wa kiti cha abiria. Chini ya kibanio fundi wetu aliweka kipande cha tyubu ya baiskeli, kimezungushwa mara mbili, na ule mtetemo wa picha kuyumba kama uji ukapungua kinoma.

Usiachie lenzi ipanuke mpaka mwisho. Ikipanuka sana kona inaonekana iko mbali, utajidanganya mwenyewe. Mwanga nao unazingua: ndani giza, nje jua, kamera ikifuata giza barabara inageuka nyeupe yote. Pima mwanga wa nje, ufunge hapohapo. Na ile dashibodi mnayoing'arisha kwa mafuta mpaka inateleza, ifunikeni kitambaa cheusi kisichong'aa, maana kwenye kioo inajirudia yote. Kile kitulizo cha picha cha kamera mimi nakizima. Ndani ya gari kinachanganyikiwa, hakijui kishike dashibodi au barabara.

Hii michongo ya kamera ndani ya gari ni ya zamani. Mwaka 1979 kule Bathurst, Australia, Channel Seven walimfungia Peter Williamson kamera kwenye Toyota Celica, watu wakamwona akiendesha moja kwa moja kwenye runinga. Mwaka 1985 Renault wakapeleka gari la tatu Nürburgring, la François Hesnault, likiwa na kamera ya kurusha mbio za Formula 1 laivu. Leo chombo cha kazi ileile kinaingia mfukoni.

Ukitaka shule kamili, tazama Safari Rally tangu iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 pale Naivasha. Tafuta video za ndani ya gari za Kalle Rovanperä, aliyeshinda 2022 na 2024. Usiangalie barabara, angalia mikono. Gari linaruka, navigeta anasoma noti bila kupumua, mikono ya chalii imetulia freshi. Halafu nakumbuka Bert Shankland na Chris Rothwell, waliobeba East African Safari kwa Tanzania 1966 na 1967 wakiwa na Peugeot 404. Natamani ningeiona mikono ya mzee Shankland kwenye matope.

Jumamosi iliyopita tulikaa maskani kwa fundi, vichwa vitano juu ya simu moja, tunatazama video ya tizi. Dereva wetu siku zote analalamika Subaru inagoma kukata kona ya mwembe, tumeshabadili tairi, tumeshabadili upepo wa tairi. Video ikafika pale. Fundi akaisimamisha, akairudisha nyuma, akaiachia polepole. Gia ya pili imeshaingia, lakini mkono wa kushoto bado umelala juu ya gia, na kona nzima inakatwa kwa mkono mmoja.

Dereva akachukua simu, akairudia peke yake mara nne.

"Ni mimi," akasema.